Wa Nne Ametoroka

Gazeti lilisema Nicanor ametoroka, na wakati huo Nicanor alikuwa ameketi Migori anakunywa chai.

Phelesia, mke wa Nicanor, alilijua jambo hilo kwa hakika kwa sababu alikwenda mwenyewe kumuuliza Bathsheba, mama aliyeuza chai karibu na kituo cha mabasi, naye akamweleza bila kuficha. Nicanor alifika Jumamosi asubuhi akiwa na mfuko wa karanga. Akaagiza chai. Gazeti lilipoletwa akaliazima, akaanza kuwasomea watu waliokaa naye kwenye benchi, kama ilivyokuwa desturi yake. Akasoma kichwa cha habari: NJAMA YA SUMU YAZIMWA. Akasoma kwamba magaidi watatu wamekamatwa kwenye daraja la Migori wakiwa na mapipa manne ya sumu, silaha ya kuwaangamiza watu wa Homa Bay kwa maji yao ya kunywa. Akasoma kwamba wa nne, Nicanor wa Karungu, ametoroka kuelekea mpakani na anasakwa. Akalikunja gazeti vizuri, akamrudishia mwenyewe, akachukua mfuko wake, akashika njia ya kusini. Chai ilibaki nusu.

"Sikumwona akikimbia," Bathsheba alisema. "Alitembea tu. Kama mtu aliyetumwa."

Hiyo ilikuwa Februari 1965. Sasa ilikuwa Juni 1968, na Phelesia alikuwa bado anaisikia ile chai ikipoa.

Nicanor hakuwa gaidi. Alikuwa mwogeshaji ng'ombe. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya josho, kuipima dawa ya kupe, na kuwasukuma ng'ombe wa watu mmoja mmoja mpaka wazame na kuibuka upande wa pili wakipiga chafya. Alinuka dawa siku zote. Phelesia alipoolewa kwake kutoka Uriri aliichukia harufu ile, na sasa kila alipopita karibu na josho alisimama kidogo, kichwa chini, akivuta pumzi. Watu walidhani anasali.

Kila Jumamosi jioni Nicanor alikwenda dukani kwa Jared pale Karungu, akawasomea wavuvi na wakulima gazeti kutoka mwanzo hadi mwisho. Habari za Nairobi, za vita vya mbali, bei ya pamba. Mwisho kabisa alisoma safu ndogo ya Vilivyopotea na Vilivyookotwa, ambayo yeye mwenyewe aliipenda kuliko zote, maana ng'ombe waliopotea aliwafahamu kwa rangi na kwa alama. "Huyu dume nimemwogesha," alizoea kusema, "ana kiburi, hakupotea, amehama." Watu walicheka. Lakini kwa mambo mengine hakuleta mzaha. Akibishiwa, aligonga ukurasa kwa kidole. "Imeandikwa hapa." Kwake hayo yalitosha kumaliza ubishi wowote.

Ndiyo sababu Phelesia alimwelewa. Nicanor alisoma kwamba ametoroka, akatoroka. Mtu mwingine angekwenda kituoni na karanga zake akasema mimi huyu hapa, nilikuwa kwa shemeji yangu. Nicanor hakuweza kubishana na kitu kilichokwisha kupigwa chapa.

Na karanga zile ndizo zilimchoma Phelesia usiku na mchana. Yeye ndiye aliyemtuma. "Ukipita Uriri shuka kwa dada Monicah, nichukulie mbegu." Lori la dawa lilitoka gatini Homa Bay likiwa na watu wanne. Nicanor akashuka Uriri, akasema atafuata baada ya siku mbili. Lori likafika Migori na watatu.

Siku ya tisa wale watatu waliachiliwa. Mkemia wa serikali alipima mapipa, akakuta dawa ya kupe kama ilivyoandikwa ubavuni mwa pipa. Maroa, dereva, Mkuria mmoja mrefu mwenye maneno ya mkato, alikuja mwenyewe Karungu kumwambia Phelesia.

"Pipa moja lilivuja," alisema. "Mbwa wa pale kizuizini akalamba, akafa mbele ya askari. Ukichanganya mbwa maiti na ile picha ya fuvu kwenye pipa, shemeji, nani atakusikiliza? Nikawaambia tunatoka Homa Bay. Tumeipa Homa Bay mgongo. Mtu anayetaka kutia sumu maji ya Homa Bay anakujaje kuyatafuta Migori?"

"Wakasema nini?"

"Wakasema mimi ni mjanja."

Gazeti liliandika habari ya njama ile majuma matatu mfululizo. Picha ya mapipa na askari mwenye bunduki. Hesabu ya watu ambao wangekufa, elfu arobaini, ingawa Homa Bay nzima haikuwa na watu hao. Barua za wasomaji wakishukuru kwa kuokolewa. Kisha kimya. Kwamba watu wameachiliwa, kwamba hakukuwa na njama, halikuandika hata mstari. Kwa hiyo popote Nicanor alipokuwa, kama bado alisoma gazeti, alikuwa bado anasakwa.

Kama alikuwapo. Hilo ndilo lililokuwa swali la nyumbani.

Juma lile alilopotea, mtumbwi ulizama ziwani karibu na Shirati na miili mingine haikupatikana. Watu wakasema Nicanor alifika Muhuru, akapanda mtumbwi ule. Phelesia alikataa. Mume wake alikwenda kwa miguu, Bathsheba alimwona. Lakini mwaka wa kwanza ukapita, na wa pili, na wa tatu, na huu wa nne mdogo wake Nicanor, Cephas, akaanza kumwota. Nicanor alisimama mlangoni amelowa maji, akasema ana baridi. Mtoto wa Cephas akapata homa isiyoisha. Wazee wa ukoo wakakaa, wakaamua. Mtu aliyepotelea ziwani huzikwa kwa yago, lile tunda refu zito kama mkono wa mtu linaloning'inia kwenye mti wake. Linaletwa nyumbani, linaliliwa, linafukiwa mahali pa mwili, na marehemu anatulia.

Na baada ya hapo ni marehemu kweli. Hata akitokea barabarani siku ya pili akiwa mzima, haingii langoni. Kaburi lake lipo.

"Nyar Uriri, sina ubaya," Cephas alimwambia, akimwita binti wa Uriri kama walivyomwita wote pale nyumbani. Alikuwa mtu mpole, na aliongea akitazama mikono yake. "Ningekuwa na hakika hata kidogo, ningengoja. Lakini mtoto ananiishia mikononi."

"Nipe mpaka karanga zing'olewe."

"Halafu?"

"Halafu nitanyamaza."

Cephas akaenda kwa wazee, akarudi. Wamekubali. Mpaka karanga zing'olewe, mwisho wa Julai.

*

Mwandishi wa gazeti lile alikaa Homa Bay. Jina lake Ongeri, Mkisii, karani wa mizigo pale gatini, na habari aliziandika baada ya kazi. Phelesia alimkuta nyuma ya gati, kwenye kibanda cha mabati, anakula samaki juu ya karatasi. Meza ilikuwa na mashine ya kupiga chapa iliyofunikwa taulo.

Alijitambulisha. Ongeri akaacha kula.

"Nilijua siku moja atakuja mtu," alisema. "Nilidhani atakuwa mwanamume na fimbo."

"Fimbo ninayo. Kwanza nataka nijue. Jina la mume wangu ulilipata wapi?"

Ongeri alifuta vidole. Hakujitetea, na hilo lilimshangaza Phelesia, maana alikuwa amejiandaa kwa uongo.

"Hati ya mzigo ilikuwa na majina manne. Watu kwenye daraja walikuwa watatu. Askari walisema wa nne hawamjui aliko. Mimi nikaandika ametoroka." Akaisukuma pembeni karatasi ya samaki. "Ilikuwa hesabu tu, mama. Nne toa tatu."

"Na ugaidi?"

"Huo sikuuandika. Mimi niliandika mapipa yenye dawa inayoshukiwa kuwa sumu. Nairobi wakaongeza silaha. Wakaongeza magaidi. Wakaongeza maji ya kunywa. Nilipolisoma gazeti niliogopa mimi mwenyewe, nikachemsha maji siku hiyo."

"Walipoachiliwa uliandika?"

"Mara mbili. Ya pili mhariri alinijibu." Ongeri alivuta droo, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaisoma bila kumtazama. "'Njama iliyozimwa ni habari. Njama ambayo haikuwapo si habari. Tuletee kitu kingine.'"

Mlio wa meli ukasikika nje, na mtu akaita Ongeri, Ongeri, mzigo. Hakuitika.

Phelesia alikaa juu ya kreti bila kukaribishwa. Alikuwa ametembea tangu alfajiri na kupanda lori la pamba, na njia nzima alipanga maneno ya kumsihi mtu huyu aandike upya habari nzima, ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa zile zile. Sasa aliona mtu mwenyewe ni huyu, mwenye mafuta ya samaki kidevuni, na kwamba ukurasa wa kwanza si wake.

"Ile safu ya ng'ombe waliopotea," alisema. "Nani anaipitisha?"

"Ile? Hakuna anayeisoma Nairobi. Inakwenda hivyo hivyo."

"Mume wangu huisoma."

Ongeri alimtazama. Kisha akaondoa taulo kwenye mashine, akaingiza karatasi.

"Maneno thelathini," alisema. "Yakizidi watayakata, na watakata pale usipotaka."

Ilichukua muda mrefu. Phelesia hakujua kusoma, lakini alijua kuhesabu, na kila neno alilihesabu kwa kidole. Mwanzo alitaka kusema habari za nyumba iliyovuja na mama mkwe aliyedhoofika. Akaziacha. Alitaka kusema samahani kwa kumtuma Uriri. Akaliacha hilo pia, kwa shida. Mwisho Ongeri akamsomea:

"Nicanor wa Karungu anatafutwa na mkewe. Hakukuwa na njama. Dawa ilikuwa ya kupe. Maroa na wenzake waliachiliwa siku ya tisa. Hakuna anayekutafuta ila mimi. Rudi kabla karanga hazijang'olewa." Akahesabu. "Ishirini na nane. Una mawili."

Phelesia alifikiri. Nicanor hakuwahi kumwita Phelesia, hata siku ya harusi kanisani, mpaka padri akamkemea.

"Andika nyar Uriri," alisema.

*

Tangazo lilitoka Jumamosi ya pili ya Juni, kati ya ndama mwekundu wa Rongo na baiskeli iliyookotwa Kendu. Jared alimsomea mara tatu.

Tangu siku hiyo Phelesia alikwenda dukani kila Jumamosi. Jared hakuwa msomaji. Aliyatafuna maneno kama mfupa, na baada ya Nicanor kuondoka gazeti lilikuwa la kufungia sukari tu. Lakini kwa ajili yake aliifungua safu ile, akaipitia na kidole. Ng'ombe. Mbuzi. Mwavuli. Pete ya ndoa iliyopotea Kisii, wakaifikiria kidogo wote wawili. Ng'ombe.

"Labda wiki ijayo, nyar Uriri."

"Labda."

Shambani karanga zilitoa maua ya njano, zikazamisha vikonyo ardhini. Phelesia alikuwa akiomba mvua maisha yake yote, na mwaka huu aliomba jua lipungue, karanga zichelewe. Hazikuchelewa. Majani yalianza kugeuka manjano, na mama mkwe wake, Teresa, alikuja na fimbo yake akasimama ukingoni mwa shamba. Aling'oa shina moja, akakung'uta udongo, akavunja ganda. Ndani palikuwa pamekauka, rangi imeingia.

"Zimeiva," Teresa alisema.

"Nimeona, mama."

"Mimi ndiye niliyemzaa. Usidhani nina haraka." Akaitia karanga ile mfukoni badala ya kuila.

Waling'oa siku tatu. Alhamisi, tarehe ishirini na tano Julai, Cephas na wazee walikwenda kuchuma yago. Walilileta limefunikwa shuka, wakalilaza ndani ya nyumba ya Phelesia, na wanawake wakapiga ukelele. Mtoto wa Cephas alikuwa mgongoni mwa mama yake, amelala, kichwa kinaning'inia. Phelesia alimtazama mtoto yule, na hasira aliyoitunza tangu Juni ikakosa mahali pa kukaa. Akavua kitambaa cha kichwani, akaketi chini kando ya lile tunda. Alikuwa ameahidi kunyamaza.

Mjane aliye katika msiba hatoki nje ya boma. Haingii kwa watu, hapiti sokoni, hata maji ya kisima wengine humtekea. Kwa hiyo Jumamosi ilipofika Phelesia alikuwa ndani, na dukani kwa Jared gazeti lilishushwa kwenye lori kama kawaida, likawekwa kwenye kaunta, na hakuja mtu wa kumwambia Jared asome.

Jumapili wakafukia, upande wa kulia wa mlango wake, kama ulivyo upande wa mwanamume. Cephas alilia kuliko wote.

Jumatatu mchana Jared alikuja kutoa pole. Alikuja na kilo mbili za sukari kwa ajili ya chai ya waombolezaji, na gazeti kwapani. Hakuketi. Uso wake ulikuwa umeingia jivu.

"Nilikuwa nalichana nifungie hii sukari," alisema. "Nikaona jina lako."

"Soma," Phelesia alisema.

Jared akatazama udongo mbichi kando ya mlango, akamtazama Cephas, akamtazama Teresa.

"Soma, Jared."

Alisoma kwa kutafuna, kama kawaida, na hakuna aliyemharakisha. "Nyar Uriri. Nimesoma. Niko Utegi, naogesha ng'ombe wa watu. Karanga za Monicah nazipanda kila mwaka, zinakubali. Kama imeandikwa sina kosa, basi narudi. Nitashuka Migori Jumatano ya mwisho ya Julai."

Kuku walikuwa wanaparura juu ya kaburi. Hakuna aliyewafukuza.

Cephas alikuwa wa kwanza kusema. "Nitachukua jembe," alisema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeomba ruhusa. "Tulitoe. Ni tunda tu."

"Weka jembe chini," Teresa alimwambia. "Ungekuwa na hakika ni tunda tu usingelifukia." Kisha akakaa chini polepole, pale pale alipokuwa, akatoa ile karanga mfukoni akaishika. "Mwanangu yuko hai. Mwanangu yuko hai na hawezi kuingia kwangu."

Phelesia hakulia. Alikuwa amelia siku nne kwa ajili ya mtu anayepanda karanga Utegi, ng'ambo ya mpaka. Aliingia ndani, akaokota kitambaa chake, akajifunga kichwani. Akachukua debe, akalijaza karanga zilizoanikwa, akafunga mdomo kwa kanga.

"Mjane hatoki," mmoja wa wazee alisema, lakini bila nguvu.

"Mimi si mjane. Mmesikia yameandikwa." Akamgeukia Cephas. "Shemeji, unanizuia?"

Kwa desturi Cephas ndiye angemrithi. Alitikisa kichwa. Akaliinua debe akamtwika.

Teresa alimsindikiza mpaka langoni. Hapo akasimama, kwa kuwa miguu yake ilikuwa mibovu na njia ya Migori ndefu.

"Mwambie," alisema, akakwama. Akajaribu tena. "Mwambie aandike. Kwenye ile safu. Jared atanisomea."

*

Jumatano Phelesia alikaa kwenye benchi la Bathsheba. Bathsheba alimwekea chai, na Phelesia hakuigusa. Magari matatu kutoka Sirari, mpakani, yalipita. La nne lilikuwa lori la chumvi la Maroa, na kwenye kiti cha mbele palikuwa na mtu aliyenyoa kichwa, amekonda, ana mvi kidevuni ambazo hakuondoka nazo.

Alishuka akiwa amevaa shati jipya. Mkononi alikuwa na gazeti la Juni, limechakaa kwenye mikunjo mpaka lilikuwa linaachana vipande vinne. Akamwona. Walisimama hivyo, hatua tano katikati yao, watu wawili wasiojua kushikana hadharani. Upepo ulipogeuka Phelesia akaipata ile harufu ya dawa ya kupe, akainamisha kichwa, akaivuta.

"Nyar Uriri."

"Umekuja."

"Iliandikwa." Akainua gazeti kidogo, kama mtu anayeonyesha tikiti. Kisha akaangalia debe. "Mmeng'oa?"

"Tumeng'oa."

"Nimechelewa?"

Maroa alizima injini. Alikuwa amekwisha kusikia habari njiani na hakuwa na moyo wa kumwambia. Akajifanya anakagua tairi.

"Nicanor," Phelesia alisema. Hakuwahi kumwita kwa jina, naye akashtuka. "Jumapili tulikuzika. Kwa yago. Cephas, na wazee, na mimi nikiwapo. Lango limefungwa."

Alimwona akitafuta. Macho yake yalikwenda kwenye karatasi ile aliyoishika, yakashuka mstari kwa mstari, yakafika chini, yakarudi juu.

"Haijaandikwa," alisema.

"Haijaandikwa. Lakini ni kweli."

Nicanor aligeuka. Aliitazama barabara ya kwenda Karungu, pale inapoachana na ile kubwa, na mdomo wake ukafanya umbo la neno mama bila kutoa sauti. Kisha akalikunja gazeti vizuri, kwa mikunjo yake ya zamani, akaliweka juu ya benchi la Bathsheba. Akainama, akalishika debe kwa upande mmoja.

Phelesia akalishika kwa upande wa pili, na Maroa akageuza lori kuelekea kusini.